Barua za alfajiri

Kabla ya kugusa kompyuta aligusa waya. Alichomoa kichwa cha waya wa simu kwenye modemu, akakiinua kwenye taa akikikagua, akakipuliza vumbi, kisha akakirudisha taratibu mpaka kikalia. Ilikuwa mwaka 1993, Nairobi, nami nilikuwa karani kijana niliyetumwa na ofisi yangu nikiwa na disketi moja mfukoni. Ndani yake mlikuwa na barua kumi na moja za kwenda ng'ambo. Nilidhani nitaiacha mezani nijiondokee. Nilikaa hadi kukapambazuka.

Wote tulimwita Dada, hata waliomzidi umri. Alikuwa akitunza kituo kimoja cha FidoNet, mtandao ulioanzishwa mwaka 1984 na Tom Jennings wa San Francisco, alipoiwezesha kompyuta yake ya ubao wa matangazo kubadilishana barua na ile ya John Madill, kule Baltimore. Hapakuwa na laini iliyokaa wazi mchana kutwa. Kompyuta moja ilipiga simu, ikakabidhi barua zake, ikapokea za mwenzake, ikakata. Ilitosha simu ya kawaida, modemu na kompyuta ndogo ya mezani, na ndiyo maana njia hiyo ilitufikia mapema, intaneti yenyewe ikiwa bado mbali. Katika orodha ya vituo vya dunia, Afrika iliandikwa Kanda ya 5.

Dada alianza na anwani. Barua ya kumwendea mtu aliyeko kwenye intaneti ililazimika kupitia kituo cha kuvukia, kwa hiyo juu iliandikiwa kituo hicho, na anwani halisi ya mpokeaji ikakaa kwenye mstari wa kwanza wa barua yenyewe. Mstari huo ukikosewa nukta moja, barua ilifika ng'ambo, ikapotea njia, na mwandishi akajua baada ya siku kadhaa, kama alibahatika kujua. Aliweka ncha ya kalamu kwenye kioo cha skrini akausoma kutoka kulia kwenda kushoto: kwanza herufi za nchi, kisha chuo au shirika, kisha mashine, mwisho jina la mtu. Aliniambia kwamba ukisoma kutoka kushoto, jicho linaona linachotarajia. Katika barua zangu kumi na moja alipata mbili zenye kasoro. Moja ilikuwa na mkato mahali pa nukta, na mimi nilikuwa nimeipitia mara tatu. Hakuteremsha jicho chini ya mstari huo hata mara moja. Barua za watu zilipita mikononi mwake kila usiku, naye alijua zinakokwenda tu, basi.

Kisha akafunga mzigo. Programu ilizichambua barua kulingana na kituo cha kwenda, ikazitia kwenye kifurushi, kifurushi kikabanwa kikawa faili moja dogo. Mkia wa jina la faili ulikuwa herufi mbili za siku kwa Kiingereza na tarakimu moja: mzigo wa Jumanne uliishia TU0, na ukifuatwa na mwingine siku hiyohiyo, TU1. Kwa kuutazama mkia tu alijua mzigo gani umelala. Maandishi hubanika vizuri, mara nyingi hupungua kwa nusu au zaidi, na hilo lilikuwa pesa. Modemu yake ilipitisha biti 2,400 kwa sekunde, yaani kama herufi 240. Ukurasa wa herufi 2,400 ulikula sekunde kumi; ukibanwa, tano. Dada alikuwa na daftari la mistari alimoandika ukubwa wa kila mzigo na sekunde alizokadiria, kisha pembeni akaacha nafasi ya sekunde halisi. Nililifungua kurasa za nyuma. Safu hizo mbili zilikuwa zikitofautiana kidogo mno.

Halafu tukasubiri. FidoNet ilikuwa na saa yake ya barua, ambapo kila kituo kilitakiwa kuacha shughuli nyingine na kuipokea simu ya vituo vyenzake. Kwa Kanda ya 5 ilianza saa kumi alfajiri kwa saa zetu. Usiku huo simu ingetoka London, kwa sababu kupiga kutoka kule kulikuwa nafuu kuliko kupiga kutoka kwetu. Huko shirika la GreenNet lilikuwa na kituo cha kuvusha barua kati ya Fido na intaneti, kazi iliyotunzwa na Karen Banks, na vituo vingi vya Afrika viliegemea hapo. Dada alijimiminia chai ya chupa, akakaa mkono ukiwa umeegemea modemu.

Ikalia. Modemu ikaitika kwa mluzi mrefu mmoja, ya London ikajibu, sauti zikapandana, kisha zote zikageuka mvumo kama mvua juu ya mabati. Alikuwa ameinamisha kichwa. Kabla taa ya muungano haijawaka alinong'ona, "Laini ina mchanga leo." Mvumo ulikuwa na mikwaruzo ambayo sikuisikia mpaka aliponionyesha kwa kidole, akigonga meza kila ulipokatika.

Mzigo hausafiri kwa mkupuo. Mwaka 1977 Ward Christensen wa Chicago aliandika utaratibu uliokata faili vipande vya herufi 128, kila kipande kikiwa na namba yake na jumla ya hesabu yake. Mpokeaji anajumlisha upya; hesabu zikilingana anajibu kwa alama ya kukubali, zisipolingana anaomba kipande kilekile tena. Waliofuata waliongeza kasi, na mwaka 1986 Chuck Forsberg akatoa Zmodem, ambayo simu ikikatika huendelea palepale ilipoishia. Usiku ule ilikatika mara mbili. Dada hakugusa kitu. London ikapiga tena, na faili likaendelea kutoka ile ile namba lilipoachwa, kama msusi wa ukili anavyookota miyaa pale vidole vilipositia. Mara ya tatu likafika mwisho. Akaandika sekunde halisi kwenye daftari, na pembeni, kwa herufi ndogo: mchanga, mara 2.

Za kutoka London alizifungua bila haraka, akazipanga kwa ofisi, akachapa zile za wasio na modemu, akakunja kila karatasi mara tatu, maandishi yakiwa ndani. Mojawapo ilikuwa ya ofisi yangu: jibu la barua tuliyokuwa tumeituma Jumapili. Kwa posta tungelingoja wiki kadhaa.

Nje wingu lilikuwa limeanza kujikusanya upande wa Ngong. Dada alitazama dirishani, akahakikisha foleni ya kutoka ni sifuri, akazima modemu, na kwa vidole vilevile akachomoa waya wa simu ukutani, radi isije ikaupitia.