Sifa za Karani wa Masjala

Mali bila daftari hupotea bila habari. Wahenga walimlenga mfanyabiashara, lakini ukipanda ngazi za ofisi za mawakili katikati ya jiji la Mwanza utaona kuwa haki nayo hupotea kwa njia hiyohiyo. Anayeonekana ni wakili: joho jeusi, sauti nzito, jina kwenye kibao cha mlangoni. Chumba cha nyuma, kati ya makabati ya chuma, yupo mtu ambaye bila yeye wakili hana la kusema mbele ya jaji. Huyo ni karani wa masjala, na leo nataka nimsifu.

Mtazame anapopokea barua. Anaanza na muhuri wa kupokelea, wenye tarehe. Inafuata rejesta: imetoka kwa nani, inahusu nini, inaingia jalada namba ngapi. Ndipo anapoitoboa, anaipachika, na kuandika namba ya folio juu, pembe ya kulia. Folio ya kwanza iko chini kabisa, ya leo iko juu, kwa hiyo ukifunua jalada unakutana na jipya. Wakili akilichukua, kabatini inabaki kadi yenye jina lake na siku aliyolichukua. Katika ofisi ya namna hiyo husikii mtu akisema, "Nadhani liko kwa bosi."

Anayeuita utaratibu huu urasimu hajawahi kukata rufaa. Kwa Kanuni za Mahakama ya Rufani za mwaka 2009, taarifa ya kusudio la kukata rufaa katika shauri la madai hupelekwa ndani ya siku 30 tangu uamuzi, na rufaa yenyewe ndani ya siku 60 tangu taarifa hiyo. Nakala za mwenendo wa kesi huweza kuchelewa, na kanuni zinalitambua hilo: msajili akithibitisha, siku za kuzisubiri hazihesabiwi. Ila lipo sharti. Nakala hizo ziwe zimeombwa kwa maandishi ndani ya siku 30 tangu uamuzi, na upande wa pili upelekewe nakala ya barua ya maombi. Ni barua ya aya mbili tu. Ukishindwa kuonyesha kuwa uliwapelekea, nafuu ya siku huipati, na rufaa inaweza kuondolewa kabla hoja hata moja haijasikilizwa. Sahihi iliyotiwa harakaharaka kwenye daftari la kupelekea barua yaweza kubeba shamba la ukoo mzima kule Ukerewe. Aliyehakikisha sahihi imetiwa na daftari limetunzwa ni karani.

Mwanza inajua gharama ya jina lisiloandikwa. Meli ya MV Bukoba ilipozama tarehe 21 Mei 1996, ikiwa imekaribia kufika, abiria wa daraja la kwanza na la pili walikuwa na orodha. Wa daraja la tatu hawakuwa nayo. Idadi ya waliokufa inakadiriwa mpaka leo, na makaburi ya Igoma yana watu waliozikwa bila kutambuliwa. Orodha isingeizuia meli kuzama, lakini familia ingekuwa na pa kuanzia kudai.

Wapo wanaosema kompyuta imeifuta kazi hii. Kweli, kanuni za mwaka 2018 ziliruhusu kufungua mashauri kwa njia ya kielektroniki, na siku hizi hati hupandishwa kwenye mfumo wa Mahakama bila mtu kubeba bahasha. Lakini kiapo kilichohifadhiwa kwa jina la "hati mpya ya mwisho kabisa", ndani ya simu ya mtu aliyekwisha acha kazi, kimepotea sawasawa na kilichoangukia nyuma ya kabati. Karani hodari huipa hati jina lenye mteja, namba ya shauri, aina ya hati na tarehe. Huweka nakala mahali pawili. Na anajua nani ana ruhusa ya kufungua nini. Tangu ije Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, hilo la mwisho haliachwi kwenye adabu ya ofisi peke yake. Ni wajibu wa kisheria.

Kinachonivutia zaidi ni kwamba karani humfanyia kazi mtu asiyemjua. Hajui ni karatasi ipi itakayoulizwa miaka kumi ijayo, wala ni wakili gani atakayeitafuta, kwa hiyo zote anazipa heshima sawa. Huo ni uadilifu, japo haupigiwi makofi.

Basi, mawakili, kabla hamjanunua programu mpya, mkalisheni karani mezani mumwulize jalada hupotelea hatua gani. Msomesheni, Chuo cha Utumishi wa Umma kinafundisha utunzaji wa kumbukumbu kama fani kamili. Nawe kijana unayeanza uwakili, omba wiki zako za mwanzo uzitumie masjala. Wakili asiyejua jalada lake limepangwaje hajaijua kesi yake.