Kuokoka na Kuokolewa: Fani ya Ushuhuda Mtaani Komarock

Ushuhuda wa waliookoka ni nadra kutajwa pale tanzu za fasihi simulizi zinapoorodheshwa. Hata hivyo, una sifa zote za utanzu: una fanani na hadhira, una fomyula ya kufungulia ambayo hadhira huiitikia, na una msuko unaotambulikana. Katika mtaa kama Komarock, unaopakana na Kayole mashariki mwa Nairobi, ambako majirani aghalabu hawana lugha-mama moja, ushuhuda hutolewa zaidi kwa Kiswahili. Makala haya yanadai kwamba imani ya Kikristo juu ya njia moja ya wokovu iliyo wazi kwa watu wote haimo katika maudhui ya ushuhuda tu. Imejengeka katika fani yake, na ni katika fani hiyo hiyo inamoanza kupungua.

Msuko wa ushuhuda ni mmoja: maisha ya awali, siku ya kuitikia mwito, kisha maisha mapya. Fanani hana ruhusa ya kuubadilisha mpangilio huo. Lakini nafasi ya fanani haina mwenyewe. Utendi wa kijadi humhitaji shujaa mwenye nasaba na nguvu zisizo za kawaida, kama Fumo Liyongo. Ushuhuda huweza kutolewa na makanga, mhasibu au mfanyakazi wa nyumbani, na wote wakaitikiwa kwa "Amina" ile ile. Ugumu wa umbo unawakilisha upekee wa njia (Yohana 14:6). Uwazi wa nafasi unawakilisha mwito kwa wote.

Tatizo linajitokeza katika kitenzi. Fanani hasemi "nimeokolewa" bali "nimeokoka". Kauli ya kutendwa huacha nafasi ya kumtaja mtenda: mtu huokolewa na fulani. Kauli ya kutendeka haina nafasi hiyo. Kikombe huvunjika bila sarufi kumdai aliyekivunja. Biblia ya Union Version ya mwaka 1952 inazitumia kauli zote mbili. Panaposisitizwa mapenzi na neema ya Mungu, kama katika 1 Timotheo 2:4 na Waefeso 2:8, imetumika kauli ya kutendwa. Panapozungumziwa mwanadamu anayeitikia, kama mlinzi wa gereza katika Matendo 16:30-31, au kila aliitiaye jina la Bwana katika Warumi 10:13, imetumika kauli ya kutendeka. Ushuhuda umerithi kitenzi cha mwitikio na kukiacha kile cha neema. Inaweza kupingwa kwamba jina la Mwokozi hutajwa kila mara. Ni kweli, lakini hutajwa pembeni mwa kitenzi, na kitenzi hakimhitaji. Hivyo shujaa wa masimulizi huelekea kuwa fanani mwenyewe, ilhali imani yake inamtaja shujaa mwingine.

Neno "mlokole" linatoa ushahidi wa upande wa pili. Lilitoka katika Kiganda na kuenea pamoja na uamsho uliochipuka Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930, ukafika Uganda na Kenya. Kiishio chake -e kina maana ya kutendwa, kama vile "mteule" katika Kiswahili alivyo mtu aliyeteuliwa. Kwa hiyo jina wanalobandikwa na majirani, mara nyingine kwa kejeli, linaihifadhi neema kuliko kitenzi wanachojichagulia wenyewe.

Athari ya jambo hili ni ya kijamii pia. "Nimeokoka" huzaa "waliookoka", na waliookoka huzaa wasiookoka: jirani Mwislamu, au Mkatoliki aliyebatizwa utotoni asiye na siku wala saa ya kusimulia. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Lumen Gentium (1964), ulikiri uwezekano wa wokovu kwa wasioijua Injili bila kosa lao, pasipo kuikana njia moja. Fani ya ushuhuda haina pa kuwaweka watu kama hao, kwa kuwa hawana msuko unaotakiwa. Nafasi iliyo wazi kwa kila msimulizi imefungwa kwa kila asiye na kisa.

Si kazi ya uhakiki kuamua nani ameokoka. Unachoweza kuonyesha ni kwamba ufinyu huu umetokana na fani, wala haukulazimishwa na imani yenyewe. Ushuhuda wa "nimeokolewa" ungebaki na njia ile ile moja. Lakini ungemrudishia mtenda nafasi yake, na suala la jirani asiye na kisa ungeliacha mikononi mwa mtenda huyo.