Kimya cha `nil` Mwishoni mwa Mkondo

Pharo 7, lugha ya programu ya ukoo wa Smalltalk, ilipotoka Januari 2019, ikiwa imeiweka kando mikondo ya kale ya mafaili iliyochanganya baiti na herufi ndani ya klasi moja iliyoelemewa, na kuipa nafasi mikondo ya Zinc aliyoitunga Sven Van Caekenberghe, mtu mwenye insafu hakuweza kukana kwamba kazi ile ya kutenga usimbaji wa herufi na usomaji wa baiti ilifanywa kwa ustadi. Sifa hiyo yatosha. Linalonishughulisha ni uamuzi mmoja uliopita bila ya mjadala wa kuustahili, nao kwa rai yangu ni kosa dhahiri: ujumbe `next` ukipelekwa kwa mkondo uliokwisha, bado hujibiwa `nil`.

Kaida hii ni urithi wa Squeak, lugha iliyoizaa Pharo, na ubaya wake huonekana mapema. Chukua safu `#(3 nil 7)`, uiombe `readStream`, kisha upeleke `next` mara nne: utajibiwa 3, kisha `nil`, kisha 7, kisha `nil`. Jibu la pili na la nne hayana tofauti hata chembe, ilhali moja ni amana iliyowekwa na mwenye safu, na jingine ni dalili kwamba hakuna kilichosalia; na yule anayezunguka kwa `[ (x := s next) notNil ] whileTrue:` atatoka baada ya 3 akidhani amemaliza, ile 7 ikapotea pasipo mtu kujua.

Watetezi husema kwamba mkondo wa herufi haubebi `nil` kamwe, basi hapana shaka ya kuingia. Hoja hiyo haitoshi, kwa sababu `nil` haibaki pale ilipotoka, bali hukabidhiwa njia moja baada ya nyingine, hata ifike mbali sana na mkondo ndipo ipelekewe ujumbe isioufahamu, na mtafuta kosa aanze kuchunguza mahali pasipo na kosa. Na `next: 10` ni kadhalika: zikiwa zimesalia herufi 4, mkondo wa Zinc hurudisha hizo 4 na kunyamaza, kama muuza nafaka anayekupa kibaba pungufu bila ya kukwambia. Wala kinga ya kuuliza kwanza `atEnd` si kinga, maana kwenye soketi swali hilo halijibiki mpaka upande wa pili ulete kitu au ufunge.

Martin Kobetic na Michael Lucas-Smith waliyatambua haya walipoijenga maktaba ya mikondo ya Xtreams kwa ajili ya VisualWorks, Smalltalk nyingine, wakathubutu kuyaacha hata majina ya kale: husomwa kwa `get` na `read:`, na mkondo ukikatika kabla ya haja kutimia, hupazwa hitilafu ya `Incomplete`, ikichukua pamoja nayo kile kilichokwisha kusomwa. Hapo ndipo ushujaa ulipo, na sijaona kazi ya baadaye iliyowafikia.

Na maadamu nimeutaja urithi wa kale, sitaacha kulitaja kosa jingine la mikondo, lile la klasi ya `ReadWriteStream`, ambayo tangu Smalltalk-80 walivyoieleza Adele Goldberg na David Robson mwaka 1983 imekuwa mtoto wa `WriteStream`, ikalazimika kuikariri kazi ya kusoma kwa kuwa klasi haina wazazi wawili. Damien Cassou na wenzake walionyesha kwa maktaba ya Nile, mwaka 2009, jinsi ya kuiondoa aibu hiyo. Maktaba yao ikasifiwa, mti wa urithi ukabaki ulivyokuwa.

Nawaomba waliopewa amana ya Pharo waongeze ujumbe mmoja wenye kupaza hitilafu pale mkondo unapokwisha, wauache `next` kwa ajili ya msimbo wa kale, na wawe wa kwanza kuutumia huo mpya ndani ya Zinc yenyewe.