Fundi Asiye na Visa

Ukitaka kumpima fundi wa magari pale Kiomboi, usimuulize ameokoa magari mangapi porini. Fundi mwenye visa vingi vya kufunga paipu kwa mpira wa baiskeli usiku wa manane, au kuziba rejeta kwa sabuni ya kipande, huenda ndiye ambaye magari yake hulala njiani. Muulize ni gari gani limepita mikononi mwake miaka mingi na bado linampeleka mwenyewe kazini kila siku. Halafu omba ulione.

Mara nyingi utaonyeshwa Land Cruiser. Pengine ni hardtop, pengine lile la mkonga, pengine shangingi lililotumikia mradi fulani hadi likauzwa kwa mnada. Rangi imepauka, viti vimeshonwa upya, na mita imekwishapita kilomita laki tatu. Lakini ukizungusha ufunguo, linawaka, na moshi mweupe wa asubuhi unakata baada ya muda mfupi.

Chini ya boneti ya mengi ya magari haya kuna injini ya dizeli iitwayo 1HZ, ambayo Toyota waliitoa mwaka 1990. Ina silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, ujazo wa cc 4,164, haina tabo, na pampu yake ya dizeli haiamriwi na kompyuta. Si injini ya mbio. Hutoa nguvu kidogo kuliko ukubwa wake, na kwa kuwa haikamuliwi, hudumu. Uimara wa Land Cruiser una mashahidi wengi duniani: Emil na Liliana Schmid, mke na mume kutoka Uswisi, waliondoka mwaka 1984 na Land Cruiser lao la mwaka 1982, wakazunguka nalo dunia kwa zaidi ya kilomita laki saba.

Sifa hizo ndizo zinazowaponza wenye magari. Husema "Toyota haifi", wakaacha kulitazama. Fundi stadi huanzia kwenye mashaka: kila kitu kinaisha, swali ni lini, na kazi yake ni kufika kabla.

Jiografia ya Kiomboi haimruhusu kubahatisha. Mji huu uko juu kwenye nyanda za Iramba. Anayekwenda Igunga au Nzega hutokea Misigiri, akashuka Mlima Sekenke hadi Shelui na tambarare za Wembere. Wakati wa kushuka, mlima unapima breki. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewani mwaka hadi mwaka. Yakipata joto la mteremko mrefu huchemka, na pedali huzama chini ya mguu. Kwa hiyo fundi huyabadilisha kila baada ya miaka miwili hata kama yanaonekana masafi, na humwonya dereva ashuke na gia nzito, asining'inie kwenye breki. Wakati wa kurudi, mlima uleule unapima rejeta.

Hapa ndipo utaona umakini wa kazi hii kwa karibu. Asubuhi, injini ikiwa baridi, fundi hufungua kifuniko cha rejeta na kuingiza kidole. Kidole kikitoka na utando wa mafuta, anauliza habari za gasketi ya hedi. Kikitoka na kutu, anajua gari limekuwa likinyweshwa maji ya kisima. Maji mengi ya visima ya ukanda huu wa kati yana chumvi na madini, na madini hayo hujijenga ndani ya njia nyembamba za rejeta kama magamba ndani ya birika la chai. Kwa hiyo hutia kulanti iliyochanganywa na maji yaliyosafishwa. Kisha huzungusha feni kwa mkono. Feni nzima huzunguka kwa uzito. Ikizunguka hovyo kama pia, silikoni ya ndani ya kitovu chake imekwisha, na gari litachemsha likiwa katikati ya mlima. Mwisho huosha rejeta kwa maji yasiyo na kasi, akianzia upande wa injini kwenda nje, ili mbegu za nyasi na wadudu watoke walikoingilia.

Niliwahi kumsikia fundi akizungumza na mwalimu mmoja mwenye gari la namna hiyo.

"Mwalimu, gari lako linakunywa maji."

"Kidogo tu, fundi. Naongeza chupa moja kwa wiki."

"Shikamoo yako nitakupa, lakini hakuna injini inayokunywa maji kidogo. Kuna inayoanza na iliyomaliza."

Wakatafuta, wakakuta pampu ya maji inavuja tone kwa tone kwenye kitundu chake cha chini. Ingeachwa, hedi ingepasuka.

Upande wa dizeli kuna kazi ndogo inayopendeza kuitazama. Chini ya filta ya dizeli kuna skrubu ya plastiki. Fundi huilegeza kwa vidole, akakinga chupa inayoona ndani, kisha akabonyeza pampu ya mkono iliyo juu ya filta. Chupa ikitulia, hadithi yote iko mbele yako: dizeli juu, maji chini, na vumbi la tangi limekaa sakafuni. Maji hayo yangefika kwenye pampu na nozeli, yangekula chuma ambacho bei yake inaweza kumnunulia mtu ng'ombe kadhaa.

Zipo pia zamu zisizosubiri dalili. Oili ya injini, lita tisa na ushee pamoja na filta yake, humwagwa kila kilomita 5,000. Filta ya hewa huangaliwa mara nyingi wakati wa kiangazi, na hupulizwa kutoka ndani kwenda nje kwa upepo wa kiasi, maana upepo mkali huitoboa na vumbi likaingia moja kwa moja kwenye silinda. Taiming belti hubadilishwa taa ya T-BELT inapowaka, au mapema zaidi kama mita imewahi kuchezewa. Ikikatika, valvu hugongana na pistoni. Magurudumu ya mbele hunyanyuliwa kwa jeki, yakashikwa juu na chini na kutikiswa. Yakicheza, beringi hufunguliwa, zikaoshwa na kupakwa grisi upya.

Kwenye spea, fundi huyu ana kanuni: chuma cha mtumba hununulika, mpira wa mtumba haununuliki. Gia boksi ya orijino iliyotumika inaweza kuwa bora kuliko mpya ya kuiga. Lakini belti, paipu za rejeta na mipira ya breki lazima viwe vipya, hata kama itabidi viagizwe Kariakoo na vije kwa basi.

Yote haya huandikwa kwenye daftari la shule lenye madoa ya grisi: tarehe, kilomita, kilichobadilishwa, kinachongojewa. Sioni kifaa chenye thamani zaidi kwenye gereji yake. Spana humaliza tatizo la leo, daftari humaliza la miezi sita ijayo.

Tatizo ni kwamba ufundi huu haulipi. Tumezoea kumlipa fundi akifungua injini, si akiizuia isifunguliwe. Yule aliyegundua tone la maji hupewa "asante" na hela ya soda, na yule anayebadilisha hedi iliyopasuka huondoka na mamilioni. Tukilipa hivyo, tusishangae gereji zikijaa mafundi wa kubomoa. Basi wewe mwenye gari kuukuu, mpe fundi wako siku moja kila mwezi ya kulikagua, mkubaliane bei, na mlipe hiyo bei kamili hata akikuambia hakuona ubovu wowote. Siku hiyo ndiyo amefanya kazi yake vizuri kuliko zote.