Kumbukumbu Nne kwa Jina Moja: Uhakiki wa Istilahi za Vipuri vya Kompyuta

Istilahi za kompyuta zimekwisha kuhakikiwa mara nyingi, lakini aghalabu zimehakikiwa mezani. Mhakiki huuliza kama neno limeundwa kwa kufuata kanuni za mofolojia, kama limetoholewa au limetafsiriwa, na kama linapatana na sauti za Kiswahili. Maswali hayo ni halali. Hata hivyo liko swali jingine ambalo yafaa litangulie: je, mtu akilitamka neno hilo dukani, atapewa kitu alichokikusudia? Katika makala haya tunakusudia kuzipima istilahi chache kwa mizani hiyo, yaani mahali ambapo neno hulipiwa fedha. Mzozo wa kompyuta, tarakilishi na ngamizi hatutaugusa. Dukani hakuna aliyepata hasara kwa sababu ya mzozo huo.

Mfano wetu tumeupata Mombo, mji mdogo ulioko chini ya milima ya Usambara, mahali ambapo barabara ya kwenda Lushoto inaiacha barabara kuu ya Moshi na kuanza kupanda kuelekea Soni. Kijana mmoja wa hapo alitaka kujiundia kompyuta ya kuendeshea programu ya kuiga urukaji wa ndege. Nia yake ilikuwa kuruka kutoka Tanga, kulifuata bonde la Pangani mpaka Korogwe, kupita juu ya nyumba za kwao, kisha kupanda na ndege mpaka Lushoto. Programu yenyewe, Microsoft Flight Simulator 2024, ilitoka mwezi wa Novemba 2024, nayo huonyesha ardhi ya dunia nzima kwa picha zilizopigwa kutoka angani. Kijana aliambiwa kwamba programu hiyo inataka "kumbukumbu kubwa". Akaenda katika duka moja mjini, akaomba kumbukumbu kubwa kwa fedha aliyoipata kwa mpunga, akarudi na diski ya terabaiti 2. Milima ya Usambara ikaendelea kukwama-kwama kiooni kama zamani.

Muuzaji hakumdanganya. Alichokiuza ni kumbukumbu, kwa maana moja ya neno hilo. Tuangalie basi neno hilo limetwishwa maana ngapi. Watengenezaji wa programu hiyo, katika daraja ya juu kabisa ya mahitaji waliyoyatangaza, wametaja gigabaiti 64, gigabaiti 12 na gigabaiti 50. Namba ya kwanza ni ya vibao ambamo kompyuta huweka kazi iliyo mkononi. Ya pili ni ya kadi inayochora picha, ambayo ina vibao vyake yenyewe. Ya tatu ni nafasi katika diski. Kuna na ya nne, isiyotajwa katika orodha hiyo lakini inayofahamika sana kwa wapenzi wa urukaji: akiba ndogo iliyomo ndani ya kichakataji chenyewe. Katika Ryzen 7 7800X3D, iliyotoka mwaka 2023, akiba hiyo katika ngazi yake ya tatu ni megabaiti 96, hali ndugu zake wa kawaida wa kizazi hicho wana megabaiti 32. Vitu hivi vinne vina bei mbalimbali na kazi mbalimbali, na kimoja hakiwezi kushika nafasi ya kingine. Kwa Kiswahili tunachokizungumza vyote vinne ni kumbukumbu.

Huenda msomaji akasema kwamba hata Kiingereza hutumia neno moja. Ni kweli, lakini Kiingereza kimeliongezea neno hilo vifupisho, na dukani kinachotamkwa ni kifupisho. Sisi tumetafsiri kichwa cha jina, tukakiacha kitambulisho chake njiani. Tafsiri ya namna hiyo ni sahihi kwa kila neno na ni potofu kwa jumla yake.

Liko kosa jingine lililo kubwa zaidi, nalo ni la kimaana. Katika Kiswahili kumbukumbu ni kitu kinachobaki. Tunasema kumbukumbu za mkutano, tukiwa na maana ya maandishi yatakayosomwa hata baada ya wajumbe kufa. Tunajenga mnara wa kumbukumbu. Biblia ina Kumbukumbu la Torati. Sasa vile vibao vya gigabaiti 64, ambavyo ndivyo vinavyoitwa kumbukumbu kwanza kabla ya vingine vyote, hupoteza kila kitu mara umeme unapokatika. Yaani tumelitwaa neno la kudumu tukalipa kitu kisichoweza kudumu hata sekunde moja gizani. Mwanafunzi anayefikiri kwa Kiswahili, na kukielewa vizuri Kiswahili chake, ndiye atakayepotea upesi zaidi. Istilahi inayomwadhibu mtu kwa sababu anaijua lugha yake haifai kutetewa.

Tulinganishe na gereji za pale pale Mombo, ambako magari yanayopanda na kushuka milimani hutengenezwa kila siku. Gari lina tangi, na lina rejeta. Vyote viwili ni vyombo vya kutia kitu cha majimaji, lakini hakuna fundi aliyewahi kuviita vyote viwili "chombo". Shokomzoba, klachi, difu, ekseli: haya ni maneno ya kukopa, mengine yamekopwa kwa fujo, lakini kila moja lina kitu chake kimoja, na utingo aliyetumwa dukani harudi na kitu kingine. Wasanifishaji tumezoea kuyatazama maneno hayo kwa jicho la huruma, kana kwamba ni watoto wasio na wazazi. Kwa maoni yetu yana sifa ambayo istilahi nyingi za kamati hazina.

Sababu ya tofauti hii si uvivu wa kamati. Mwaka 1974 Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, amri ambayo ilikuja kulegezwa baadaye. Miaka hiyo ndiyo Baraza lilipokuwa likitoa vijitabu vya Tafsiri Sanifu, na maneno ya fani nyingi yakapimwa na watu waliovishika vitu vyenyewe. Kompyuta ilipokuja kuenea, orodha za maneno yake zilipatikana kwa kutazama maneno ya Kiingereza, si kwa kutazama vipuri. Gari lilibatizwa na mafundi. Kompyuta ilibatizwa na wafasiri.

Lakini haki na itendeke: liko neno moja ambalo wafasiri walilipata vizuri sana, nalo ni kichakataji. Watu wa Tanga hawahitaji kuelezwa kuchakata ni nini. Mkonge hukatwa shambani, majani huletwa kiwandani, huingizwa katika korona, na nyuzi hutoka upande wa pili. Kitu ghafi kinaingia, kitu chenye manufaa kinatoka; ndiyo kazi ya kichakataji. Tena neno hili linaendelea kufundisha zaidi ya pale lilipokusudiwa. Korona yenye nguvu, ikiwa majani yako mbali, husimama ikisubiri. Ndivyo ilivyo katika mwigo wa urukaji. Ili picha 30 zionekane katika sekunde moja, kila picha lazima iwe tayari kwa muda usiozidi sehemu moja ya 30 ya sekunde. Katika muda huo kichakataji hukokotoa upepo juu ya mabawa, mwendo wa injini, mawingu, na ndege nyingine zilizoko angani. Kikichelewa, kadi ya picha hukaa bure hata kama ni ya bei kubwa kuliko zote. Kwa hiyo kuwa na majani karibu na mashine ni muhimu kuliko wengi wanavyodhani, na hiyo ndiyo siri ya zile megabaiti 96.

Akiba hiyo ya karibu tunapendekeza iitwe kibindo. Mzee aendaye sokoni huwa na fedha nyumbani sandukuni, na kidogo huitia kibindoni ili asirudi nyumbani kila anunuapo kitu. Ni ndogo, iko mwilini, hufikiwa mara moja. Kazi ya akiba ya kichakataji ni hiyo hiyo bila kuongeza wala kupunguza. Wako watakaosema kwamba neno hili ni la kienyeji mno kwa chombo cha kisasa. Wajiulize kipanya kilitoka wapi, na wavuti ulitoka wapi.

Vile vibao vinavyosahau tungeviacha viitwe ramu, kama mafundi wanavyoviita. Neno hilo linagongana na jina la kileo, lakini hatujasikia aliyeomba kimoja akapewa kingine. Vibao vilivyomo katika kadi viitwe ramu ya kadi, na jina hilo litamsaidia mnunuzi kuuliza swali linalostahili. Picha za ardhi zikizidi gigabaiti za kadi, hulazimika kupita njia ndefu kwenda na kurudi katika ramu ya kawaida, na hapo ndipo mlima unapokwama mbele ya rubani. Diski nayo ibaki na neno hifadhi, ambalo limekwisha kuzoeleka. Mombo hawako mbali na Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi, lakini hatudhani kwamba mtu atachanganya terabaiti na tembo. Kumbukumbu lirudi katika mikutano na minara.

Kadi ya michoro nayo yataka kusahihishwa. Mchoro ni kazi ya kalamu, na mnunuzi hudhani kadi hiyo ni ya wasanifu wa majengo. Kadi ya picha ni bora, na wengine wamekwisha kuanza kuitumia.

Mbaya zaidi ni "ugavi wa umeme", linalotumiwa na wengine kwa kile kisanduku kinachobadili umeme wa ukutani na kuugawa kwa vipuri. Msomaji wa Mombo akikuta maneno hayo atadhani anaelezwa habari za nguzo, mita na Shirika la Umeme. Na kisanduku hiki si cha kubahatisha: kadi kama RTX 4080 peke yake imepangiwa wati 320. Mafundi husema saplai. Neno fupi, halina mshindani, na hatuoni sababu ya kulikataa. Kadhalika kompyuta inayopozwa kwa maji ina kitu ambacho Mombo kimekwisha kuwa na jina, yaani rejeta. Hapo mita takriban 400 tu juu ya usawa wa bahari joto ni kali, tofauti na Lushoto iliyo kwenye mita zipatazo 1,400, na joto la chumba huongezeka moja kwa moja juu ya joto la kipuri. Kwa hiyo wenyeji hawatachelewa kulihitaji neno hilo.

Limebaki jina la programu yenyewe. Kuiita mchezo wa ndege kumewafanya wazazi wengi waione kompyuta hii kuwa upuuzi wa gharama kubwa. Mtambo wa Edwin Link wa mwaka 1929 ulibuniwa kufundishia marubani bila kuondoka ardhini, na hata leo Addis Ababa, katika chuo cha Shirika la Ndege la Ethiopia, marubani hufanyiwa mazoezi katika mitambo inayoiga ndege za Q400 na 787. Programu ya nyumbani haimpi mtu leseni, lakini ni ya ukoo huo. Igizo halifai, maana limekwisha kutwaliwa na jukwaa. Mwigaji ni mtu. Sisi tungechagua mwigo wa urukaji, na kwa chombo chenyewe, chenye usukani na kanyagio zake, kiigizi. Neno hili la pili hatulitetei kwa nguvu, na wasomaji wenye jingine walilete.