Aliyerithi Kiwanda Alirithi na Kalamu: Namna ya Kuisoma Tawasifu ya Tajiri

Huenda viatu ulivyovaa siku yako ya kwanza shuleni vilikuwa na neno Bata ndani, pale kisigino kinapokaa. Wengi wetu tulipokuwa wadogo tuliamini kwamba hilo ni jina la yule ndege wa majini, na hatukuona ajabu yoyote ndege kutengeneza viatu. Kumbe ni jina la ukoo: mafundi viatu wa mji wa Zlín, katika nchi ambayo leo inaitwa Jamhuri ya Cheki. Ukoo huo ulijenga kiwanda, kiwanda kikazaa mali, na mali ikawagombanisha ndugu hadi mahakamani. Katika kugombana huko viliandikwa vitabu. Makala haya yanakusudia kuvitumia vitabu hivyo kuchunguza utanzu mmoja ambao tumeuzoea mno darasani kiasi cha kutouona vizuri, yaani tawasifu.

Nianze na jinsi tunavyoufundisha. Mwanafunzi huambiwa kwamba tawasifu ni masimulizi ya maisha ya mtu yanayoandikwa na mtu huyo mwenyewe, kwa nafsi ya kwanza, tofauti na wasifu ambao huandikwa na mtu mwingine. Kisha hupewa ngazi za kupanda: kuzaliwa, masomo, kazi, changamoto, mafanikio. Mtahiniwa hujibu hivyo na hupata alama zake. Hata hivyo, swali lililo kubwa kuliko yote huwa halijaulizwa. Msimulizi huyu anayesema "mimi" anashindana na nani? Kuna nani mwingine ambaye angeweza kuyasimulia mambo hayo hayo kwa namna nyingine, na mbona hatumsikii?

Mfano wa ukoo wa Bata unalifungua swali hili kuliko mifano mingi ninayoijua. Tomáš Baťa alizaliwa mwaka 1876. Mwaka 1894 yeye, kaka yake Antonín na dada yao Anna walianzisha kampuni ya viatu mjini Zlín kwa fedha walizorithi kwa mama yao. Tia alama hapo, kwa sababu urithi umo katika hadithi hii tangu ukurasa wa kwanza. Anna aliolewa akajitenga na biashara. Antonín alifariki mwaka 1908. Tomáš akabaki peke yake usukani. Alikuwa amekwenda Marekani kuona viwanda vya viatu vinavyoendeshwa, na aliporudi aliibadilisha karakana kuwa kiwanda cha mashine. Mwaka 1922, biashara ilipodorora na bidhaa zikakosa wanunuzi, alikata bei ya viatu kwa nusu. Wengine walimwona mwendawazimu, lakini viatu vilinunuliwa. Mwaka uliofuata akawa meya wa mji. Alijenga nyumba za matofali za wafanyakazi, hospitali, na shule ya kufunza vijana kazi. Ukitaka kumsifu, sababu unazo tele. Ukitaka kumshtaki kwamba alimiliki hadi paa analolalia mfanyakazi wake, sababu pia unazo.

Tarehe 12 Julai 1932, asubuhi yenye ukungu, ndege yake ilianguka ilipokuwa inapaa Otrokovice, karibu na Zlín. Alifariki papo hapo yeye na rubani wake.

Hapa ndipo msuko unapokaza. Marehemu alikuwa na mwana mmoja, naye pia akiitwa Tomáš (baadaye, akiwa Kanada, alijulikana kama Thomas J. Bata). Kijana huyo alikuwa na umri wa miaka 17. Alikuwa vilevile na ndugu kwa baba, Jan Antonín, aliyezaliwa mwaka 1898. Nyaraka za marehemu zilipofunguliwa ilidhihirika kwamba kulikuwa na mkataba wa mwaka 1931 uliosema kampuni imekwisha kuuzwa kwa Jan. Basi kiwanda hakikurithiwa na mwana. Ami ndiye aliyekishika.

Naomba tusimame kidogo kwenye neno hilo, ami. Wanafunzi wetu siku hizi humwita kila ndugu wa mzazi "anko", au humwita "mjomba" hata akiwa ni upande wa baba. Katika insha ya kawaida kosa hilo ni la msamiati tu. Katika hadithi ya urithi ni kosa la maudhui. Mjomba ni wa upande wa mama, naye kwa desturi nyingi za kwetu huwa hana dai katika mali ya baba. Ami, au baba mdogo, anasimama mahali pa baba. Anaweza kuwa mlezi wa yatima na anaweza kuwa mshindani wake, na aghalabu huwa vyote viwili kwa wakati mmoja. Ukimwita Jan mjomba wa kijana yule umeuvunja mgogoro wote kabla haujaanza.

Tumtendee haki Jan. Hakuwa ami wa hadithi za paukwa pakawa anayekula mali ya yatima akalala. Chini yake kampuni ilikua maradufu na zaidi, ikajenga viwanda na miji katika nchi nyingi. Mwaka 1938 lilikamilika jengo la makao makuu mjini Zlín, lenye urefu wa mita 77 hivi, na ndani yake ofisi ya mkurugenzi ilikuwa imetiwa kwenye lifti, ikiwa na meza na sinki la kunawia mikono. Mkubwa angeweza kwenda ghorofa hadi ghorofa bila kuinuka kitini. Kama ingekuwa riwaya tungesema mwandishi amezidisha ishara. Mwaka 1939 majeshi ya Ujerumani yaliivamia nchi, Jan akaondoka. Alikwenda Marekani, na mwaka 1941 akahamia Brazil, akiwa ametiwa katika orodha ya Waingereza na Wamarekani ya watu waliopigwa marufuku kufanya nao biashara. Kijana Tomáš alikuwa amekwenda Kanada, naye huko alianzisha kiwanda na kijiji, Batawa.

Vita vilipokwisha, serikali ya nyumbani ilitaifisha kampuni mwaka 1945. Mwaka 1947 Jan alihukumiwa kifungo cha miaka 15 bila yeye kuwapo mahakamani. Lakini mali iliyokuwa nje ya nchi ilibaki bila mwenyewe anayekubaliwa na wote, na ami na mpwa (wengine watasema mtoto wa nduguye, nami sina ugomvi nao) wakaanza kushtakiana. Kesi zilisikizwa New York, Delaware na kwingineko, tangu miaka ya 1940 hadi ya 1960. Mwishowe upande wa mpwa ulishinda. Jan alifariki São Paulo mwaka 1965.

Sasa tuviangalie vitabu. Kuna mkusanyo wa hotuba na tafakuri za Tomáš mkubwa, uliotolewa mwaka ule ule aliofariki, 1932. Kuna riwaya ya mwaka 1933 iitwayo Botostroj, jina lililoundwa kwa kuunganisha kiatu na mashine. Mwandishi wake, T. Svatopluk, aliwahi kuajiriwa katika kampuni hiyo hiyo. Kuna tawasifu ya Thomas J. Bata iliyotoka mwaka 1990, ambayo jina lake linamwita fundi viatu wa ulimwengu.

Tazama hilo jina la kitabu kwanza. Aliyeliandika alikuwa mwenye viwanda katika mabara kadhaa, lakini hakujiita mwenye kiwanda wala mkurugenzi. Amejiita fundi viatu. Neno hilo linamrudisha kwenye benchi la babu zake, kwenye ngozi, uzi na nyundo. Mkataba wa mauzo huweza kumpa mtu hisa. Ufundi wa ukoo hauuzwi kwa mkataba. Kwa hiyo kabla hujafungua ukurasa, jalada lenyewe limekwisha kutoa hoja katika kesi: mrithi wa kweli ni yule aliyerithi mikono. Mwanafunzi aliyefunzwa kwamba anwani ya kitabu ni pambo la nje ataipita hoja hii akiwa amefumba macho.

Jambo la pili ni nafsi ya kwanza. Kitabu hicho kiliandikwa kwa ushirikiano na mwandishi mwingine, Sonja Sinclair. "Mimi" tunayoisoma humo imepitia mikononi mwa watu wawili. Sisemi kwamba ni ya uongo. Nasema kwamba imechongwa, kama ilivyochongwa nafsi ya msimulizi yeyote katika riwaya tunazozitahini, na inastahili kuulizwa maswali yale yale. Kwa nini tunamhoji msimulizi wa kubuni kwa ukali, kisha tukifika kwa mtu halisi tunamwamini kwa kuwa ana picha yake kwenye jalada?

Na la tatu ni wakati. Kitabu kilipotoka, ami alikuwa kaburini miaka 25. Mwezi Desemba 1989, utawala wa Kikomunisti ulipoanguka, mpwa alikuwa amerudi Zlín akapokewa na umati mkubwa. Huo ni mwisho mzuri kwa tawasifu yoyote: kijana aliyetoka amekuwa mzee anarudi nyumbani na watu wanampigia makofi. Lakini uzuri wa mwisho huo unategemea kalamu kuwekwa chini mwaka 1990. Mwaka 2007 mahakama mjini Prague ilimsafisha Jan na ile hukumu ya 1947. Hilo halingeweza kuwamo. Tawasifu hukoma pale msimulizi anapokoma, wala si pale mambo yanapokoma.

Jan naye hakuwa bubu. Mwaka 1937 alichapisha kitabu akipendekeza nchi yake ijengwe iweze kubeba watu milioni 40. Aliandika kama mtawala anayeangalia mbele, mtu ambaye haoni haja ya kueleza alivyoupata usukani. Aliyekuwa na haja ya kusimulia ni yule aliyenyang'anywa, au aliyeamini kwamba amenyang'anywa. Mtu aliyekaa kwenye kiti huwa hasimulii alivyokalia.

Jambo hili si geni kwetu. Mighani ya Fumo Liyongo tunayoifundisha katika fasihi simulizi ina kiini hicho hicho. Liyongo na Mringwari, ambao wasimulizi wengine huwaita ndugu na wengine binamu, wanashindania utawala. Mringwari ndiye aliyeketi kitini. Liyongo ndiye aliyeachiwa mashairi. Tungo nyingi zimenasibishwa naye, na tangu hapo kila mtoto wa pwani na wa bara anamlilia Liyongo aliyechomwa sindano ya shaba na mwanawe mwenyewe. Nani amewahi kumlilia Mringwari? Hana utungo. Mwulize mwanafunzi wako aseme upande wa Mringwari kwa dakika tano tu, uone atakavyohangaika.

Sasa ile riwaya ya Botostroj. Hiyo haikujali nani kati ya ami na mpwa ana haki. Ilimtazama mwenye kiwanda kutoka chini, kwa jicho la anayesukumwa na mashine, na kwa jicho hilo mabwana wote wawili wanafanana. Kampuni, ambayo wakati huo ilikuwa mikononi mwa Jan, ilikwenda mahakamani, na kitabu kikaondolewa madukani. Baada ya vita utawala mpya uliifurahia riwaya ile ile, na mwaka 1954 ilitengenezewa filamu. Hapo pana kinaya ambacho hatuna budi kukikubali: wale walioisifu riwaya hawakuisifu kwa sababu za kifasihi kuliko wale walioizuia.

Mwalimu wa Kenya atauliza, na sisi? Sisi tuna Limuru. Kampuni ya Bata ina kiwanda huko tangu enzi za ukoloni, na Ngũgĩ wa Thiong'o amesimulia kwamba miongoni mwa watu wa Kamiriithu alioshirikiana nao mlikuwa na wafanyakazi wa kiwanda hicho cha viatu. Mchezo walioigiza mwaka 1977 kwa Kigikuyu tunao kwa Kiswahili tangu mwaka 1982, Nitaolewa Nikipenda. Kiini chake ni hati ya ekari moja na nusu iliyotundikwa ukutani kwa Kiguunda. Kioi na wenzake wanaitaka ardhi hiyo kwa kiwanda cha dawa za kuua wadudu, na wanaipata kwa njia ya mkopo wa benki, yaani kwa karatasi yenye sahihi. Linganisha na ule mkataba wa 1931. Zlín, karatasi iliamua nani kati ya jamaa wawili matajiri atashika kiwanda. Katika mchezo wa Kamiriithu, karatasi inaamua kwamba Gathoni, bintiye Kiguunda, hatakuwa na cha kurithi. Ukiisoma tawasifu ya tajiri bila mchezo huu kando yake, utadhani mgogoro wa urithi ni wa watu wa nyumba moja tu.

Ndiyo maana napendekeza zoezi hili kwa kidato cha tatu na cha nne. Waeleze wanafunzi kisa kifupi: Julai 1932, marehemu amekwisha kuzikwa, nyaraka zinafunguliwa mezani. Chumbani wamo mjane Marie, mwana wa miaka 17, na ami wa miaka 34. Mlangoni yuko karani aliyeleta nyaraka, ambaye kesho atarudi kazini yeyote atakayekuwa bwana. Wagawe darasa katika makundi manne, kila kundi liandike ukurasa mmoja wa tawasifu ya mmoja wao. Wasibuni tukio jipya. Wayapange tu yale yale. Kundi la mwana litamaliza mapema, nalo la ami litabishana. La mjane litakuja mezani kwako kuuliza kama anaruhusiwa kusema. Usiwajibu upesi.