Kanisa ni Watu: Uhakiki wa Hoja Inayobomoa Majengo ya Kale

Katika sharika nyingi za vijijini mjadala juu ya kanisa la zamani humalizwa kwa sentensi moja: kanisa ni watu, si jengo. Wanaoitamka huitegemeza juu ya Kifungu cha VII cha Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, kinachofundisha kwamba Kanisa ni kusanyiko la waamini ambamo Injili huhubiriwa kwa usafi na sakramenti hutolewa ipasavyo. Fundisho hilo ni la kweli. Makala hii inakusudia kuonyesha kwamba matumizi yake katika vikao vya ujenzi yana kasoro, na kwamba hasara yake huwa kubwa zaidi mahali kama Itigi.

Tuanze na sheria ya nchi. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 ilihesabu kuwa ni ya kale majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Ya baadaye yalihitaji tangazo la Waziri. Lakini misheni ya Bagamoyo ilianza mwaka 1868. Johanssen na Wohlrab wa misheni ya Betheli walifika Mlalo mwaka 1891, na Waleipzig walianza Machame mwaka 1893. Iramba Waleipzig walifika kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, na Waaugustana kutoka Marekani wakaipokea kazi hiyo katika miaka ya 1920. Itigi yenyewe ilikua pamoja na Reli ya Kati, iliyofika Tabora mwaka 1912. Kwa hiyo hakuna kanisa la Kilutheri katika Tanzania Bara ambalo umri wake peke yake ungetosha kulilinda kwa kipimo hicho.

Kilimatinde, mashariki ya Itigi, iliingizwa mwaka 2006 katika orodha ya mapendekezo ya Urithi wa Dunia pamoja na Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kwihara na Ujiji, kama vituo vya njia ya misafara ya watumwa na pembe za ndovu. Ni haki njia ile ikumbukwe. Lakini kanisa la matofali ya udongo kijijini halina wa kulitetea ila usharika wenyewe. Kikao cha usharika kikikosea, hakuna ngazi nyingine itakayozuia.

Kasoro ya kwanza ya hoja tunayoihakiki ni hii: Kifungu cha VII kinaeleza kinacholifanya Kanisa kuwa Kanisa, hakisemi kwamba yaliyobaki yote hayana maana. Jengo ni miongoni mwa mambo yasiyoamriwa wala kukatazwa. Luther alikabili jambo la namna hiyo Machi 1522, aliporudi Wittenberg kutoka Wartburg na kuhubiri kwa siku nane mfululizo. Hakutetea sanamu kana kwamba ni za lazima kwa wokovu. Alikemea haraka na shuruti zilizoumiza upendo. Jambo lililo huru mbele ya Mungu bado huamuliwa kwa kuwajali ndugu.

Kasoro ya pili ni nzito zaidi. Ikiwa kanisa ni watu, ni watu gani? Hifadhi za nyaraka za misheni zimejaa barua na taarifa za wamisionari. Waliokanyaga udongo, wanawake walioteka maji ya kufyatulia matofali, na wainjilisti waliofundisha chini ya mti kabla ya kuta kusimama, ni nadra kutajwa humo kwa majina. Kumbukumbu yao ni ukuta: kipimo cha matofali, mlango uliopanuliwa, kiraka cha mwaka wa mvua nyingi. Tukibomoa bila kupima wala kuandika, tunawafuta watu wale wale ambao tumesema ndio kanisa.

Hata hivyo upande wa pili nao una haki. Yeremia sura ya 7 yaonya dhidi ya kulitumainia hekalu kana kwamba ndilo wokovu. Ukuta uliopasuka waweza kuua, na usharika ulioongezeka wahitaji nafasi. Ezra 3:12-13 yasimulia wazee walioulilia msingi wa nyumba mpya wakati wengine wakishangilia, na sauti hizo mbili hazikuweza kutenganishwa. Andiko halimkemei yeyote kati yao. Basi kikao chetu kisikie zote mbili.

Kwa vitendo, inafaa kuanza na paa na mifereji, kisha kuwaondoa mchwa. Ukuta wa udongo usipigwe lipu ya saruji: saruji hunasa unyevu ndani na ukuta huoza usionekane. Udongo au chokaa hufaa zaidi, maana huruhusu unyevu kutoka. Ikibidi kubomoa, kwanza jengo lipimwe na kupigwa picha, masimulizi ya wazee yaandikwe, na kengele pamoja na beseni la ubatizo vihamishiwe katika kanisa jipya. Kazi hiyo ya kuandika yaweza kukabidhiwa wanafunzi wa theolojia wanapokwenda mafunzo kwa vitendo sharikani. Haihitaji fedha nyingi, bali daftari, futi kamba na subira.

Kikao kitakachotamka tena kwamba kanisa ni watu, na kianze kwa kuwataja watu hao kwa majina yao.